Kununua nyumba ya zamani Dar na kuikarabati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanarudia kila wiki wakiwa wameona nyumba chakavu Magomeni, Ilala, Sinza, Tabata, Temeke, bei inaonekana nzuri na moyo umeshahamia huko. Majibu yamekaa kwa mafungu, kila moja linajitegemea, ila pale ambapo jambo limeshaelezwa utaelekezwa swali lenyewe. Mengi ni ya Dar, Zanzibar ina swali lake kule mwishoni kwa sababu sheria zake za ardhi ni nyingine.

## Ya kuanzia

Kipi bora, ninunue nyumba ya zamani nirekebishe au kiwanja kitupu nijenge?

Inategemea unataka kukaa wapi. Kama unataka kuwa karibu na mjini basi viwanja vitupu huko hakuna, vimeisha zamani, kwa hiyo ukinunua Magomeni au Sinza hata kama hupendi nyumba yenyewe unanunua nyumba. Kama Chanika, Kibaha au Kigamboni ndani ndani panakufaa, kujenga upya mara nyingi ni rahisi kuliko kupigana na ukuta wa mtu mwingine.

Cha kushika ni kwamba kwenye nyumba ya zamani unalipia vitu vitatu na vinafuatana hivi: karatasi, kiwanja, alafu jengo. Watu wengi wanageuza, wanaanza kuangalia vyumba vingapi, masta ipo, tailizi zipo, na karatasi wanaziuliza siku ya kulipa. Rangi na tailizi zinabadilika kwa wiki mbili, lakini kiwanja chenye mgogoro kinaweza kukupeleka Baraza la Ardhi miaka na miaka.

Nyumba za zamani za Dar zikoje, zote ni sawa?

Hapana. Kuna nyumba za Kiswahili za korido, vyumba sita vinatazamana, mbele baraza, nyuma uani kuna choo na jiko, hizi ndo zimejaa Ilala, Magomeni, Temeke na Kariakoo kwa zile zilizobaki. Nyingine ukuta wake ni wa miti na udongo uliopigwa plasta ya saruji juu, usoni utadhani tofali. Alafu kuna nyumba za miaka ya 70 na 80, mfano zile za mradi wa viwanja na huduma kule Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, hizi viwanja vimepimwa, barabara zipo, ila viwanja vya Sinza vingi ni vidogo na wenye nyumba wameongeza mabanda uani mpaka ukutani. Na kuna zilizojengwa bila kupimwa, Manzese, Buguruni, Vingunguti, ambako tatizo kubwa ni karatasi na njia ya kupita.

Jua kwanza unaangalia ya aina gani maana majibu ya huko chini yanabadilika kufuatana na hilo.

Nitajuaje bei ni ya haki?

Uliza kiwanja cha ukubwa huo mtaa huo kikiwa kitupu kinauzwaje, maana hiyo ndo sakafu ya bei. Alafu uliza nyumba iliyokwisha rekebishwa mtaa huohuo inauzwaje, hiyo ndo dari. Bei ya nyumba chakavu, ukijumlisha ukarabati, gharama za kuhamisha umiliki na kodi ya nyumba unayopanga wakati mafundi wako kazini, isivuke dari. Tuseme nyumba nzima iliyokarabatiwa hapo ni milioni 180, chakavu unauziwa 130, ukarabati 60, hapo hujapata nafuu yoyote, umejiongezea kazi tu.

Na kama jengo ni la kubomoa basi lisihesabiwe kabisa. Bei iwe ya kiwanja ukitoa gharama ya kubomoa na kusomba kifusi. Muuzaji atakasirika, atakwambia baba yake alijenga kwa jasho, na ni kweli alijenga kwa jasho, ila wewe utalipa kwa pesa yako.

Kwa pesa kubwa chukua mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake utaihitaji baadaye pia wakati wa kuhamisha hati.

## Karatasi

Muuzaji ana "karatasi zote". Nitazame nini?

Kuna ngazi. Juu kabisa ni hati miliki, ambayo ni haki ya kutumia ardhi kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini. Kwa hiyo soma hati imeanza lini na imebaki miaka mingapi, nyumba ya zamani inaweza kuwa na hati inayokaribia kuisha na watu hawaangalii kabisa. Soma na matumizi yaliyoandikwa, makazi au biashara.

Chini yake kuna leseni ya makazi, ile iliyotolewa kwa wingi Dar kwenye maeneo yasiyopimwa. Ni ya muda mfupi na inahuishwa. Inasaidia ila sio hati, usikubali kuuziwa kwa bei ya hati.

Chini kabisa ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba anamjua muuzaji na eneo, haumfanyi muuzaji awe mmiliki. Ukinunua kwa ngazi hii zungumza na majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, muuzaji asiwepo. Na uliza kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kupangwa rasmi, kama mchoro wa mipangomiji umeshapitishwa uuone, maana kuna nyumba ambazo kwenye mchoro barabara inapita sebuleni.

Sachi ni nini na inafanyika wapi?

Ni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Unalipa ada ndogo, unapewa majibu ya maandishi: nani amesajiliwa kama mmiliki, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio au hakuna. Fanya mwenyewe au kwa wakili wako, usipokee majibu ya sachi kutoka mkononi mwa dalali. Na fanya mara mbili, mwanzoni kabisa na tena siku chache kabla ya kulipa, katikati hapo mtu anaweza kuwa ameweka zuio.

Nyumba ni ya urithi, watoto wapo sita na mmoja ndo anauza. Ninunue?

Usinunue kwake kama mtoto wa marehemu. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo dai barua ya usimamizi, andika namba ya shauri, alafu nenda mahakama husika uthibitishe kwamba shauri lipo na msimamizi hajaondolewa. Kikao cha ukoo na muhtasari wake ni hatua ya kwenda mahakamani, peke yake hakitoshi.

Hata msimamizi akiwepo kihalali mi nashauri warithi wote wasaini kwamba wanajua na wanakubali, na pesa ilipwe kwenye akaunti ya mirathi badala ya mfuko wa mtu mmoja. Nyumba za korido za Ilala na Magomeni nyingi sana ziko kwenye hali hii, babu alijenga, wajukuu wapo Mwanza na Muscat, na kila mmoja ana chumba chake. Dada mmoja asiyeshirikishwa anatosha kukusimamishia ukarabati katikati, bati umeshashusha na masika imefika.

Mwenye nyumba yupo hai, ana hati, jina lake. Mke wake anahusika?

Anahusika sana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja. Vivyo hivyo kama muuzaji ni mwanamke na mume yupo. Pata ridhaa kwa maandishi mbele ya wakili, na kama muuzaji anasema ameachika au hajaoa, atoe kiapo au talaka. Ukiona mama wa nyumba anakutazama vibaya unapokagua vyumba, kaa naye umsikilize.

Wapangaji wamo ndani. Ni tatizo?

Ni tatizo kama hujaliandika. Wengi wamelipa kodi miezi 6 au mwaka mbele na pesa ameshakula muuzaji. Omba mikataba yao, uliza kila mmoja amelipa mpaka lini, alafu mkataba wa mauziano useme wazi nyumba inakabidhiwa tupu tarehe fulani na sehemu ya malipo inabaki mpaka siku hiyo. Kwa fremu za biashara, hasa Kariakoo, uliza na kilemba, ile pesa ya kuingia inayolipwa nje ya kodi, mpangaji aliyelipa kilemba hatoki kirahisi na ana sababu.

Kodi na madeni ya nyumba nani analipa?

Kodi ya pango la ardhi ndo inayolala miaka mingi bila kulipwa, na bila kuimaliza uhamisho hauendi. Muuzaji amalize au ikatwe kwenye bei. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU kwa hiyo hiyo haisumbui sana. Bili ya DAWASA omba ya mwezi huu, na uliza TANESCO kama mita ina deni. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji na inalipwa TRA, lakini wewe ndo utakwama asipolipa, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba. Ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi.

## Jengo lenyewe

Nikienda kukagua nianze wapi?

Anza nje, barabarani. Simama utazame sakafu ya nyumba iko juu au chini ya barabara. Mitaa mingi ya Dar imewekwa kifusi na lami mara kadhaa wakati nyumba imebaki palepale, matokeo yake nyumba ya 1975 sasa iko shimoni na mvua ikinyesha maji yanaingia barazani. Hilo halitibiwi na rangi, ama unanyanyua sakafu, na ukinyanyua sakafu dari inakuwa fupi na milango haitoshi, ama unavunja.

Alafu nenda siku ya mvua au kesho yake. Kama unaweza kusubiri masika, Machi mpaka Mei, subiri. Uliza majirani maji yalifika wapi, ukutani alama huwa ipo hata wakipaka rangi. Ukiona nyumba ina rangi mbichi chini peke yake, kiuno kwenda chini, uliza kwa nini.

Nenda na fundi wako umlipe ya siku hiyo. Usitumie fundi wa dalali.

Kuna nyufa ukutani. Nikimbie?

Sio zote. Nyufa nyembamba za plasta kama utando ni za kawaida. Za kuogopa ni zinazotoka pembe ya dirisha kwenda juu kimshazari, zinazopita mpaka kwenye msingi, na zile ambazo kidole kinaingia. Ufa kati ya nyumba ya zamani na chumba kilichoongezwa mara nyingi unamaanisha misingi miwili haijaunganishwa, chumba kipya kinashuka peke yake. Angalia na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nyumba nyingi za zamani hazina lenta inayozunguka, kuna vipande juu ya milango tu.

Kuna jambo la uani ambalo watu hawaliulizi: mashimo ya zamani ya choo. Nyumba ya miaka 50 inaweza kuwa na matatu au manne, yamejaa yakafukiwa, na banda limejengwa juu. Muulize mzee wa mtaa choo cha kwanza kilikuwa wapi. Ukiona sakafu ya banda la uani imeinama upande mmoja, jibu umelipata.

Plasta inamomonyoka na kuna unga mweupe. Ni nini?

Ni chumvi na unyevu unaopanda kutoka chini. Inatokana na kukosa kizuizi cha unyevu kwenye msingi, au mchanga wa bahari uliotumika kujengea, au yote. Kupiga plasta mpya juu ya hiyo ni kupoteza hela, itarudi. Kazi ya kweli ni kubandua plasta mpaka juu ya mstari wa unyevu, kuacha ukuta ukauke, kushusha udongo wa nje uliolala ukutani, kurekebisha mifereji, ndo upige tena kwa mchanga wa mto. Ni kazi ya muda zaidi kuliko hela, na mafundi wenye haraka hawaipendi.

Bati ni za asbesto, zile nene za kijivu. Nifanyeje?

Zikiwa nzima na hazijaguswa hatari ni ndogo, hatari inakuja ukizivunja, ukizikata au kuzitoboa, vumbi lake likivutwa linaleta magonjwa ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Na ukarabati ni kuvunja na kukata. Kwa hiyo usimpe kijana nyundo akazishushe. Waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuziondoa na kuzitupa, zinashushwa nzima, zikiwa zimelowa, wafanyakazi wana barakoa za kazi hiyo, na hazitupwi dampo la mtaa. Omba punguzo la bei kwa sababu ya hili. Familia isikae ndani siku hizo, tafadhali.

Kwa bati za kawaida, panda darini na bisibisi uchome kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Ikizama kama mkate mchwa wameshamaliza, na hesabu paa zima.

Umeme na maji vipi?

Umeme wa zamani chukulia unabadilisha wote. Waya zimechoka, nyingi hazina ethi, na wapangaji wameunganisha friji na pasi kwenye waya wa taa. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA. Kama utaweka eyakondisheni na hita, uliza TANESCO kama laini iliyopo inabeba.

Maji fungulia bomba zote kwa pamoja uone. Mabomba ya chuma ya zamani yanaziba kutu ndani. Majitaka uliza kama nyumba imeunganishwa kwenye mfumo wa DAWASA, maeneo yenye mfumo huo ni machache, vinginevyo ni shimo, na gari la kunyonya lazima liweze kufika. Njia ya mita moja haipitishi gari.

Nyumba ina alama ya X. Au haina, ila iko karibu na barabara kubwa au bonde.

Yenye X, yaani iliyowekewa alama ya kubomolewa, iache. Isiyo na X bado pima. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu mpaka mita 30 kila upande kutoka katikati, na Barabara ya Morogoro upande wa Kimara hifadhi ni pana zaidi, mwaka 2017 watu walibomolewa kutoka Kimara kwenda Kiluvya na wengine walikuwa na nyumba nzuri kabisa. Uliza wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, usimuulize dalali. Bonde la Msimbazi, Jangwani na jirani zake, usinunue hata kwa bei ya bure, mafuriko ya Desemba 2011 yalihamisha watu mpaka Mabwepande.

## Hela na kazi

Nitengeneze vipi bajeti ya ukarabati?

Pata mchanganuo ulioandikwa, vipimo na bei za vifaa, kabla ya kusaini. Mkadiriaji majenzi ndo kazi yake, kwa nyumba ndogo fundi mzuri anaweza. Panga kwa mpangilio huu: paa, majitaka na maji, nyaya, plasta, sakafu, dari, na mwisho kabisa rangi na makabati. Alafu weka akiba, kwa nyumba ya zamani mi naona robo ya bajeti ndo kiwango cha chini, kwa sababu ukibandua plasta ndo unaona nyumba.

Kama hela haitoshi kumaliza, fanya paa na majitaka uhamie. Ndani kunasubiri.

Naweza kupata mkopo?

Benki zipo zinazotoa mikopo ya kununua na ya kukarabati, ila zinataka hati, kipato kinachoonekana, na riba ni ya tarakimu mbili. Nyumba ya leseni au karatasi ya mtaa kwa kawaida inakutoa kwenye mkopo wa nyumba. Usikope mkopo wa mishahara wa muda mfupi ukanunulie nyumba chakavu, utakuwa unalipa rejesho na kodi ya kupanga na mafundi kwa mwezi mmoja.

Ukarabati unahitaji kibali?

Rangi na tailizi hapana. Ukigusa ukuta unaobeba, ukiongeza chumba au kubadili matumizi, nenda halmashauri uchukue kibali cha ujenzi. Stopu oda, amri ya kusimamisha ujenzi, ukiwa umeshashusha paa ni gharama kubwa kuliko ada ya kibali.

## Kesi ngumu

Nataka kununua ya chini niongeze ghorofa juu.

Msingi wa nyumba ya korido haukujengwa kubeba ghorofa. Mhandisi achimbe aone msingi, apime udongo, na mara nyingi atakwambia ubomoe uanze upya. Sikiliza. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kama mpango wako unasimama tu kwa sababu ya ghorofa, basi nunua kwa bei ya kiwanja, rudi kwenye swali la bei ya haki.

Nimeona nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar.

Huko ni eneo la urithi wa dunia tangu 2000, na kila badiliko, hata dirisha, linapita Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unapumua, ukiupiga plasta ya saruji unyevu unafungiwa ndani na mawe yanaoza, chokaa irudishwe chokaa. Tafuta fundi wa chokaa kabla hujatafuta nyumba, wako wachache. Na usidharau boriti zilizolowa, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020. Masuala ya umiliki muulize wakili wa Zanzibar.

Nipo nje ya nchi, ndugu ananitafutia.

Mpe hati ya uwakili iliyoandikwa na wakili, inayosema nyumba gani na mpaka kiasi gani. Pesa iende kwa muuzaji au akaunti ya wakili moja kwa moja, ndugu abaki kuwa macho yako. Mkaguzi awe mtu mwingine asiyepata chochote kwenye mauzo. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine kaa na wakili kwanza kabisa, sheria za kumiliki ardhi kwa asiye raia ni nyingine.

Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela, nilipe advansi leo.

Anaweza kuwa anasema kweli na bado usilipe. Sachi, ridhaa na ukaguzi havikamiliki kwa usiku mmoja. Ukitaka kushika nafasi, andikeni makubaliano mafupi kwa wakili: kiasi kidogo, kinarudishwa sachi ikija vibaya au ridhaa ikikosekana, na tarehe ya mwisho.

Nimeshalipa advansi na sasa nimegundua tatizo.

Acha kulipa zaidi, hata wakikubembeleza. Kusanya risiti, miamala ya simu, meseji na picha. Mwandikie muuzaji barua kupitia wakili ukieleza tatizo na unachotaka, ama apunguze bei ama arudishe. Kama nyumba ina hati na pesa yako imeingia, wakili anaweza kuomba zuio kwa Msajili ili isiuzwe kwa mwingine wakati mnazungumza. Usianze ukarabati wowote ukidhani unajiwekea haki, kila tofali utakaloweka hapo ni hela nyingine ya kudai.